Upepo Ndani ya Mpira

Katika mazungumzo yetu ya leo tumekusudia kueleza habari za kitu ambacho kila mvulana wa shule amekishika mkononi, tena amekipiga teke, lakini ni wachache waliouliza kilichomo ndani yake. Kitu hicho ni mpira. Ukipasuliwa, ndani hamna kitu ila upepo. Na upepo huo ukizidi hupasua ngozi, ukipungua huharibu mchezo, na mara nyingine huwagombanisha watu wazima hata wakafikishana mbele ya hakimu.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa lugha yetu ya Kiswahili, mpira ni mti, tena ni utomvu wa mti huo, tena ni kitu cha kuchezea. Wala si ajabu, kwa maana utomvu wa mbungo na mitambaazi mingine ya mwituni hushikamana ukiganda, na ukiviringwa huwa tufe lirukalo. Wenyeji wa Meksiko walijua jambo hili zamani sana: matufe ya mpira yaliyofukuliwa katika chemchemi ya El Manatí yana umri wa miaka zaidi ya 3,000. Mwaka 1528 Cortés alichukua wachezaji wa huko mpaka Uhispania wacheze mbele ya Mfalme Charles wa Tano, na watu wa Ulaya wakashangaa kuona tufe likianguka chini na kurudi juu kama lililo hai. Lakini tufe lile lilikuwa mpira mtupu, nje na ndani. Zito, na lenye kuumiza. Halikuwa na upepo.

Wa Ulaya wao walikuwa na upepo, hawakuwa na mpira. Warumi walicheza na mfuko wa ngozi uliojazwa upepo, ulioitwa follis, na mshairi wao Martial aliona kuwa mchezo huo wafaa watoto na wazee, kwa kuwa ni mwepisi. Mwaka 1555 Mwitalia Antonio Scaino aliandika kitabu kizima juu ya michezo ya mpira, na ndani yake akaeleza mpira wa upepo na bomba la kuujazia. Na sisi walimu tuna haki ya kujisifu kidogo hapa, kwa sababu mwaka 1658 mwalimu mwenzetu mashuhuri, Comenius, alipotoa kitabu chake cha picha cha kufundishia watoto Kilatini, hakuusahau mpira wa upepo. Alieleza ya kuwa hujazwa kwa njia ya kizibo maalumu, kisha hupigwa ngumi huku na huku mahali pa wazi. Basi bomba na kizibo vilijulikana kabla ya siku za babu zetu. Lakini vilikuwa vitu vya mabwana. Mtu wa kijijini alipotaka mpira alingoja siku ya kuchinja.

Alingoja kibofu. Wasomaji Waislamu watatusamehe kwa kumtaja mnyama huyu, lakini historia haibadiliki: kibofu kilichopendwa kilikuwa cha nguruwe. Katika ngome ya Stirling, nchi ya Scotland, mafundi walikuta mpira umejificha juu ya boriti za chumba cha malkia. Nao wahesabiwa kuwa wa miaka ya 1540 hivi, kibofu cha nguruwe kilichovikwa ngozi. Ni mdogo, kama nusu ya ukubwa wa mpira wetu. Kibofu kina mambo mawili. Kwanza, kila kimoja kina umbo lake, kwa hiyo mpira ulifuata umbo la mnyama, wala hapakuwa na mipira miwili iliyolingana. Pili, hakikubali kutiwa upepo kikiisha kukauka. Ni lazima kipulizwe kingali kibichi, chenye unyevu na harufu yake, na apulizaye ni mtu, kwa kinywa chake.

Hapa ndipo tufikapo katika mji wa Rugby, Uingereza, penye shule kubwa ya wavulana. Karibu na shule hiyo, katikati ya karne ya 19, waliishi washona viatu wawili, William Gilbert na Richard Lindon. Wavulana walikwenda kwao kununua viatu, na pamoja na viatu waliagiza mipira. Kazi ilikuwa hivi: fundi hukata vipande vya ngozi na kuvishona, huacha mwanya, hutia kibofu kibichi ndani, kisha huchomeka mrija wa kiko cha udongo katika shingo ya kibofu na kupuliza mpaka ngozi ikaze. Nani alipima kama upepo umetosha? Mashavu ya mpulizaji. Nguvu za mapafu ya mtu ndizo zilizokuwa mpaka wa ugumu wa mpira.

Katika nyumba ya Lindon kazi ya kupuliza ilikuwa ya mkewe, na bibi huyu alikuwa amezaa watoto 17. Husimuliwa kwamba vibofu vingine vilitoka katika wanyama wagonjwa, naye akavuta pumzi yao mbaya, akapata ugonjwa wa mapafu, akafa. Hatuna hati ya mganga ya kuthibitisha kuwa kibofu ndicho kilichomwua. Hivyo ndivyo habari ilivyopokewa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuona kibofu kibichi hatauliza kwa nini mumewe alianza kutafuta kitu kingine.

Kitu hicho kingine kilikuwa kimeisha kupatikana Marekani. Utomvu wa mpira ulivyo kwa asili yake una kasoro mbili: wakati wa joto hulainika na kunata, wakati wa baridi hukakamaa na kupasuka. Charles Goodyear alihangaika na jambo hili kwa miaka mingi, akafungwa kwa madeni, na mwaka 1839 akagundua kwamba mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto huwa imara, haudhuriki na joto wala baridi. Serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi mwaka 1844. Hakutajirika, alikufa mwaka 1860 akiacha deni la dola karibu 200,000.

Basi karibu na mwaka 1862 Lindon alifanya kibofu cha mpira badala ya kibofu cha mnyama. Kikamshinda kukipuliza. Mpira huu mpya ulikuwa mgumu kuliko nguvu za kinywa, na ndipo, kwa yasemwayo, alipokiona kile kibomba kidogo ambacho waganga hutumia kuoshea masikio, akatengeneza kikubwa cha shaba kwa mfano wake. Hakujiandikishia haki ya uvumbuzi, na wengine wakauchukua. Mambo mawili yalifuata. Mipira ikaweza kufanywa mviringo sawasawa, kwa kuwa kibofu cha mpira hufuata kalibu ya fundi; na kwa mara ya kwanza ilikuwa rahisi kwa mtu wa kawaida kutia upepo mwingi kuliko unaofaa. Mashavu yalikuwa yakichoka. Bomba halichoki.

Bomba la mpira wa miguu lilizaa jambo kubwa zaidi. Mwaka 1888, katika mji wa Belfast, mganga wa wanyama aitwaye John Boyd Dunlop alifunga mrija wa mpira wenye upepo katika gurudumu la baiskeli ya mtoto wake, na yasemekana kuwa bomba alilotumia mwanzoni lilikuwa la kutilia upepo mpira wa kuchezea. Mtu mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amepata haki ya wazo hilo tangu mwaka 1845, lakini ulimwengu haukuwa tayari. Sasa ulikuwa tayari. Baiskeli, kisha motokaa, zikadai mpira kwa maelfu ya tani. Upepo ni wa bure. Chombo cha kuuzuia si cha bure. Katika Serikali Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu 1885 mpaka 1908, watu wa vijijini walilazimishwa kuleta mpira wa mwituni kwa kipimo, na waliopungukiwa walipigwa, walishikwa wake zao, na wengine waliuawa au walikatwa mikono. Mwaka 1904 bibi mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alipiga picha ya baba akitazama mkono na mguu wa binti yake vilivyowekwa mbele yake. Picha za namna hiyo zilionyeshwa Ulaya na Marekani makanisani, na zilisaidia kuondoa utawala ule. Tumeona haifai kueleza habari za mpira na kuruka ukurasa huu.

Turudi uwanjani. Watu wa Chama cha Kandanda cha Uingereza walipoandika sheria zao za kwanza mwaka 1863, walikataza misumari katika viatu, lakini juu ya mpira wenyewe hawakusema neno, si ukubwa wala uzito wala upepo. Mwaka 1872 walitaja mzingo. Uzito ulifuata baadaye. Siku hizi sheria ya mchezo yataka mzingo wa sentimeta 68 mpaka 70, uzito wa gramu 410 mpaka 450 mchezo unapoanza, na nguvu ya upepo ya atmosfia 0.6 mpaka 1.1, ikipimwa usawa wa bahari. Wafanyao kazi kwa vipimo vya Kiingereza husema ratili 8.5 mpaka 15.6 kwa kila inchi ya mraba. Mpira wa rugby huwa ratili 9.5 mpaka 10. Ule wa wavu hauzidi ratili 5, ndiyo maana mikono ya wachezaji haivunjiki.

Lakini maneno yale "usawa wa bahari" yana maana gani? Wanafunzi wengi huyapita upesi, nasi twapenda kukaa hapo kidogo.

Mwaka 1643 Torricelli, Mwitalia, alionyesha kwa zebaki ndani ya bomba la kioo kwamba hewa ina uzito, na kwamba sisi sote twaishi chini ya bahari ya hewa. Mfaransa Blaise Pascal alifikiri hivi: ikiwa ni bahari, basi apandaye mlima hupunguza kina kilicho juu yake, na uzito utapungua. Tarehe 19 Septemba 1648 shemeji yake, Florin Périer, aliupanda mlima Puy de Dôme na zebaki yake, na kweli zebaki ikashuka. Pascal aliandika tena jambo ambalo kwetu ni la thamani zaidi, nalo lilichapishwa mwaka 1663 alipokuwa amekwisha kufa: ya kwamba ukichukua mpira wa upepo uliojazwa nusu, uliolegea, ukapanda nao mlimani, utauona ukivimba wenyewe kadiri upandavyo, na kulegea tena kadiri ushukavyo. Hakuna aliyeutia upepo wala kuutoa. Siku zile zile huko Uingereza Robert Boyle alikitia kibofu cha mwana-kondoo ndani ya chombo cha kioo, akaivuta hewa ya nje kwa mashine, na kibofu kikavimba.

Sababu ni hii. Kipimo cha upepo hakituambii nguvu yote ya upepo uliomo. Chatuambia tofauti tu baina ya nguvu iliyo ndani na nguvu ya hewa inayousukuma mpira kwa nje. Pale pwani hewa ya nje husukuma kwa nguvu ya atmosfia 1. Mpira ukitiwa upepo Mombasa mpaka kipimo kionyeshe 1, ndani una atmosfia 2 nzima. Upakie katika gari la moshi mpaka Nairobi, penye kimo cha meta 1,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa ya nje haizidi sana atmosfia 0.83. Upepo wa ndani haukuongezeka hata chembe, walakini kipimo sasa chasema 1.17, nao umepita mpaka wa sheria. Kwa hiyo timu ya pwani ipandayo bara na mipira yake hupunguza upepo, na timu ya bara ishukayo pwani huongeza. Si kwamba mpira "umezoea" mahali, kama wengine wasemavyo.

Joto nalo ni hivyo hivyo. Katika chuo kimoja cha walimu, mwanafunzi mwenye bidii alitia upepo mpira wa ngozi asubuhi na mapema, kungali na baridi na ukungu, mpaka ulipolia kama ngoma ukigongwa. Kisha akauacha juani kando ya uwanja mpaka saa tisa. Kwa hesabu, mpira uliotiwa atmosfia 0.8 kwenye baridi ya digrii 12, ukipashwa na jua kufikia digrii 40, huonyesha karibu 0.98, ule wake, uliokuwa umepita kiasi tangu asubuhi, ulifunguka mshono katika teke la tatu. Hapakuwa na mpira mwingine. Wageni waliokuja kwa miguu kutoka shule ya jirani walirudi bila kucheza, na kijana yule alisema kweli kwamba yeye hakufanya kosa ila kukaza vizuri kama alivyofundishwa. Aliyemfundisha kupima kwa kidole gumba alikuwa miongoni mwetu.

Kidole gumba ndicho kilichotawala muda mrefu. Katika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia la kwanza, tarehe 30 Julai 1930, mjini Montevideo, Uruguay na Argentina hawakukubaliana hata mpira upi utumike; kila upande ulitaka wake. Mwamuzi, John Langenus wa Ubelgiji, aliamua kipindi cha kwanza wacheze na wa Argentina na cha pili na wa Uruguay. Argentina waliongoza 2 kwa 1 kipindi cha kwanza; Uruguay wakashinda 4 kwa 2. Tusiseme mpira ndio uliofunga mabao, lakini wachezaji wa siku ile hawakuona kuwa ni jambo dogo.

Mipira ile ilikuwa na kamba. Shingo ya kibofu ilitolewa nje, ikapulizwa, ikakunjwa na kufungwa, ikarudishwa ndani, kisha mwanya ukafungwa kwa kamba ya ngozi kama kiatu. Mwenye kupiga kichwa mahali penye kamba aliondoka na alama. Mwaka 1931, katika mji wa Bell Ville, Argentina, watu watatu, Polo, Tossolini na Valbonesi, walifanya mpira usio na kamba, wenye tundu dogo la kupitishia sindano ya bomba. Tundu lile ndilo tulilo nalo hata leo.

Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha na ngozi nzuri ikiwa adimu Uingereza, Derby County na Charlton Athletic walikutana London katika mchezo wa mwisho wa kombe lao. Yasimuliwa kwamba mwamuzi aliulizwa redioni kabla ya siku ile kama mpira waweza kupasuka, naye akajibu kuwa nafasi yake ni moja katika milioni. Ulipasuka. Mwaka uliofuata Charlton wakafika tena mwisho, wakacheza na Burnley, na mpira ukapasuka tena. Wenye kutoa mazungumzo redioni tuna la kujifunza hapo juu ya kutaja hesabu.

Ubishi mkubwa kuliko yote ulitokea Marekani, katika mchezo wao wa kandanda unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Sheria yao yataka ratili 12.5 mpaka 13.5 kwa inchi ya mraba, na kila timu hushambulia kwa mipira yake yenyewe. Tarehe 18 Januari 2015 New England Patriots walicheza na Indianapolis Colts katika baridi ya digrii 9 hivi. Wakati wa mapumziko mipira 11 ya Patriots ilipimwa, na yote ilikuwa imepungukiwa. Ikasemwa wametoa upepo kwa siri ili ishikike vizuri mikononi. Wakatozwa faini ya dola milioni moja, na mchezaji wao mkuu, Tom Brady, akakatazwa michezo minne. Shauri lilikwenda mahakamani. Mwezi wa Septemba 2015 hakimu mmoja akaifuta adhabu, na mwezi wa Aprili 2016 mahakama ya rufani ikairudisha.

Je, waliiba upepo? Wanaosoma hesabu wanaweza kujaribu. Mpira uliotiwa ratili 12.5 chumbani penye joto la digrii 21, ukipelekwa nje penye digrii 9, hupungua zaidi ya ratili moja bila mtu kuugusa. Sehemu kubwa ya upungufu ule, basi, yaelezwa na baridi peke yake. Kama baridi yatosha kueleza upungufu wote, wataalamu walibishana, kwa sababu waamuzi hawakuwa wameandika vipimo vya kabla ya mchezo, na vipimo viwili walivyotumia havikupatana. Jambo moja halina ubishi. Baada ya mapumziko mipira ilijazwa sawasawa na sheria, na Patriots, waliokuwa wakiongoza 17 kwa 7, walifunga pointi 28 zaidi bila kujibiwa. Lililokosekana pale ni kipimo kimoja cha kuaminika na kipande cha karatasi.

Nasi shuleni twaweza kuwa na vyote viwili. Loweka sindano kwa mate au kwa tone la mafuta kabla ya kuichomeka, isije ikachana tundu. Pima mahali utakapochezea, saa utakayochezea, si asubuhi na si ndani ya stoo. Usipokuwa na kipimo, ulinganishe mruko wa mpira na ule wa mpira uliopimwa, ukiiangusha yote miwili pamoja kutoka kimo kimoja juu ya ardhi ngumu. Jicho halidanganywi upesi kama kidole. Na mwanafunzi akiuliza kama upepo una uzito kweli, mletee mizani nyepesi ya dukani. Upime mpira uliojaa ila usiokazwa, kisha utie upepo mpaka 0.8, upime tena. Utaona mkono wa mizani ukishuka kidogo tu, gramu 5 hivi, karibu uzito wa chumvi ijaayo kijiko kimoja cha chai.